Msafara Usio na Mpagazi: Mchezo wa The Oregon Trail Utazamwapo kutoka Tabora

Mwezi wa Januari 2015 maktaba ya Internet Archive ya Marekani iliweka wazi maelfu ya michezo ya kompyuta za zamani, ichezwe ndani ya kivinjari pasipo kuitafuta mashine yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na programu ya mwigo, iifanyayo mashine mpya itende kama ya kale. Miongoni mwa michezo hiyo ulikuwamo The Oregon Trail, toleo la 1990. Asili yake ni mwaka 1971 huko Minnesota, ulipotungwa na Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger kwa kufundishia historia.

Kwa Mmarekani aliyesoma miaka ya 1980, kuucheza ni kurejea utotoni. Kwa mtu wa Tabora sivyo. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilikataza kompyuta kuingizwa nchini, na mashine za nyumbani zilipoenea ng'ambo hapa hazikufika ila kwa nadra. Kwa hiyo mwigo haumkumbushi kitu. Humkutanisha na mgeni. Lakini mgeni huyu asimulia jambo ambalo mji wa Tabora walijua vyema, yaani msafara.

Mchezaji huondoka Independence, Missouri, mwaka 1848, akiwa mwenye benki, seremala au mkulima. Hununua maksai, chakula, nguo na risasi. Huamua mwendo na posho. Huugua, huvuka mito. Akiwinda, hawezi kurudi na nyama zaidi ya ratili 100. Sifa kubwa ya mchezo ni hii: huifanya hesabu kuwa huzuni. Chakula kikipungua, jina alilolichagua mchezaji mwenyewe huandikwa kaburini.

Kasoro yake huonekana mara uwekwapo kando ya njia ya Bagamoyo, Ugogo, Mgunda Mkali, Tabora na Ujiji. Katika njia hiyo mbung'o waliwaua ng'ombe, na mzigo ulikaa begani mwa mtu, wapata frasila mbili. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa maksai: alipatana ujira, aligoma, alitoroka. Kirangozi alitangulia, na kila mtemi alidai hongo, ambayo kiasi chake kilitokana na maneno ya siku nzima. Mchezo wakaribia jambo hili mahali pamoja tu, kwenye mto Snake, ambapo mwongozaji Mshoshoni hulipwa nguo. Hata hapo bei hutajwa, mchezaji hukubali au hukataa. Mazungumzo hayamo, na pasipo mazungumzo mwenyeji huwa sehemu ya mandhari, kama mto.

Hatimaye mchezo hutoa alama kwa watu waliofika salama, na kwa mali iliyosalia. Mizani hiyo haiwezi kuhamishiwa Tabora bila kutia doa, kwa kuwa njia hiyo ilipitisha pembe na watumwa pamoja, na katika daftari za wenye misafara watu walihesabiwa kuwa mali.

Basi atakayetunga mchezo wa njia ya Tabora asitosheke kubadili maksai kwa wapagazi. Yampasa kwanza aamue mchezaji ni nani: tajiri, kirangozi, mpagazi au mtumwa. Tena yampasa aandike mapatano ya hongo kwa Kiswahili na Kinyamwezi, lugha ambazo msafara ulizitumia kujipatia njia.