Chura Hamlilii Ng'ombe

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji." Methali hii kila mmoja wetu anaijua. Tumeisikia Uvira, tumeisikia Bujumbura na Goma, na tunaisikia kwenye mikutano ya kambi, sana sana maswali yanapozidi na jua linapokuwa kali. Katika kurasa hizi tumezoea kuchambua hadithi na mashairi. Leo nachambua methali hii moja. Ni kazi ya fasihi fupi kuliko nyingi, lakini inafunga midomo ya watu wengi, kwa hiyo nayo inastahili kuhakikiwa kama kitabu.

Nianze kwa kuipa haki yake. Imejengwa vizuri. Ina wahusika wawili tu, mkubwa na mdogo, na tukio moja. Haina tusi ndani yake, lakini anayepigwa nayo anaumia. Na huku Rwanda picha yake inaongezeka uzito, kwa sababu ng'ombe hapa ni heshima. Wazee husalimiana "Amashyo", yaani wanatakiana makundi ya ng'ombe, na tangu 2006 kuna mpango wa Girinka wa kuzipa familia maskini ng'ombe. Mtu akijiita ng'ombe katika nchi hii hajajishusha hata kidogo.

Tena ina matumizi mema. Mama anaanza kuuza sambaza sokoni, majirani wanamcheka, yeye anajiambia methali hii na kuendelea. Mzee wa miaka 60 anaingia darasa la kusoma na kuandika, vijana wanamnong'ona, naye anaisema huku anachonga penseli. Hapo methali ni ngao ya mnyonge. Shida inaanza pale anayeisema anapokuwa ndiye mwenye maji.

Mnakumbuka Machi 2021. WFP ilikosa fedha, ikapunguza posho ya chakula kwa wakimbizi wa kambi za Rwanda kwa asilimia 60. Katika mkutano mmoja wa siku zile mama mmoja alisimama akauliza mahesabu: nyumba ya watu saba itakula namna gani mpaka mwezi uishe? Kiongozi mmoja akamjibu kwa methali yetu, watu wakacheka, mkutano ukafungwa. Mama alisema neno moja tu kabla ya kukaa: "Papa Prezida, mi siko nalia, niko nauliza." Kwa maoni yangu huo ndio uhakiki bora wa methali hii niliowahi kuusikia. Mimi naongeza ushahidi tu.

Ushahidi wangu ni wa vyura wenyewe. Naishi Kigali na kazi yangu ni bustani. Katika uwa mmoja ninaoutunza kuna kidimbwi, upana wake hatua nne. Mwanzo wa mwaka kinakaa kimya. Halafu urugaryi unaisha, mvua za kwanza za itumba zinapiga, na usiku uleule kidimbwi kinajaa sauti. Mtu wa ndani ya nyumba anasikia kelele. Mimi ninayeingia pale alfajiri na ndoo nimejifunza mambo matatu.

La kwanza, chura hasemi na ng'ombe. Anayelia ni dume, na anamwita jike. Anafunga mdomo na pua, anasukuma pumzi kutoka mapafuni hadi kwenye kifuko cha koo, na koo linavimba kama puto. Jike akija, dume anamkumbatia kwa nyuma, mayai yanatoka, yanarutubishwa humo humo majini. Wale wenye ngozi ya vipele hutaga mayai katika nyuzi ndefu za ute, kama shanga nyeusi, maelfu kwa mara moja. Baada ya siku chache kuna viluwiluwi, na wiki chache mbele miguu inaota na mkia unapotelea mwilini. Kumbe ile tunayoiita kelele ni shughuli ya kuleta kizazi. Methali imemfanya chura mpinzani wa ng'ombe, wakati chura wala hana habari naye.

La pili, kulia kuna gharama. Mwaka 1981 watafiti Merlin Tuttle na Michael Ryan walieleza habari za popo wa Panama anayewinda vyura kwa kufuata sauti zao. Anayelia sana anapata jike, lakini pia anaonyesha popo mahali alipo. Kwa hiyo anayepaza sauti gizani si mchezaji. Ana jambo linalomlazimu. Watu wa mikutano wanaelewa hili bila kufundishwa: ukisimama kuuliza, jina lako linajulikana.

La tatu ndilo linaloivunja methali kabisa. Nikikaribia kidimbwi, vyura wananyamaza. Hatua moja tu, kimya. Nikisimama bila kutikisika dakika kadhaa, mmoja anajaribu tena, wengine wanafuata. Sasa fikiria ng'ombe na kwato zake. Akifika ukingoni, walio karibu naye wananyamaza. Ile picha ya ng'ombe anayekunywa kwa utulivu huku chura akimpigia kelele puani imetungwa na mtu aliyekaa mbali. Aliyetunga alisimama upande wa ng'ombe, hakuinama kuangalia majini, na hakuuliza yale mayai ya ukingoni yalikuwaje baada ya kwato kupita.

Msiniambie kwamba methali ndivyo zilivyo, kwamba lazima ziwe na mkubwa wa kusifiwa. Lugha hii hii inatuambia wapiganapo tembo nyasi huumia. Huyo mtunzi aliinama akatazama chini. Hakuzipa nyasi mdomo, lakini aliziona. Kiswahili kina uwezo wa kumtazama mdogo, ila ni sisi tunaochagua methali ipi itoke mdomoni wakati gani, na uchaguzi huo unasema upande tuliosimama.

Neno kwa ndugu zetu wa mashirika, maana najua mnasoma. Hapa Kigali, Nyandungu, bonde la maji lililokuwa limeharibika lilitengenezwa upya, likafunguliwa kuwa bustani ya watu wote mwaka 2022. Wataalamu wa vyura, popote walipo duniani, hawangoji kumkamata kila chura ili wajue hali ya bonde kama lile. Wanakwenda usiku na kusikiliza. Ngozi ya chura inapitisha maji na hewa, kwa hiyo sumu ikiingia majini yeye anaumia mapema. Sauti zikipungua mwaka hadi mwaka, wanajua pana tatizo. Kwao kelele ni taarifa, na kinachowatia wasiwasi ni kimya. Nanyi mkifika kambini mkakuta mkutano mtulivu, msiandike haraka kwamba watu wameridhika. Pengine wamesikia hatua zenu.

Kwa viongozi wetu naomba jambo dogo. Sisemi methali hii ifutwe. Yule mzee wa penseli bado anaihitaji. Ila anayeshika orodha ya posho, ufunguo wa bomba au kipaza sauti asiiseme kwa anayemuuliza. Na ikimtoka, katibu aandike vitu viwili kwenye daftari la mkutano: methali iliyosemwa, na swali lililoulizwa kabla yake. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma lile swali.