Gitaa na Maneno ya Mbaraka Mwinshehe

Mjini Mpanda, mwisho wa reli itokayo Kaliua, nilipata kusikia mabishano ya wazee wawili wapenzi wa dansi la zamani. Mmoja alishikilia kuwa Mbaraka Mwinshehe alikuwa mpigaji gitaa aliyeimba. Mwenziwe, kuwa alikuwa mshairi aliyepiga gitaa.

«Bwana wee, futa maneno yote, gitaa litabaki likisema.»

«Ndugu yangu, litasema nini, na kwa ajili ya nani?»

Barazani watu walicheka. Mimi naona swali lile latuhusu sote tusomao fasihi.

Mbaraka, aliyezaliwa 1944, alipata sifa kwa gitaa la solo katika Morogoro Jazz; alikwenda nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Mwaka 1973 aliiacha, akaunda Super Volcano. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34.

Nyimbo nyingi za dansi za zama zile zina sehemu mbili: kwanza maneno, kisha chemko, ambapo maneno hupungua na magitaa hushika usukani. Utazame wimbo wake «Shida». Ukiyaandika maneno yake karatasini, wapata lalamiko fupi la mtu aliyelemewa. Mhakiki apimaye vina na mizani hatalipa alama nyingi. Lakini wimbo upigwapo, watu huinuka kucheza. Je, wameisahau shida? La. Gitaa halilikanushi lalamiko, bali hulichukua. Hurudia lililosema, kama shida irudivyo, ila kwa mwendo ambao mtu aweza kwenda nao.

Mzee wa gitaa alikuwa na hoja nzito: nyimbo za Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zilipendwa na watu wasiojua neno la Kilingala. Ni kweli. Lakini kupenda sauti ni jambo moja, na kusema «wimbo huu ni wangu» ni jambo jingine. Hilo la pili lahitaji maneno, nayo ni machache tu, mradi gitaa liyapishe na kuyajibu.

Basi kosa si la wale wazee peke yao. Nasi vyuoni twayanukuu maneno, twayapanga beti, kisha twauita mpango huo wimbo. Hata utenzi tuusomao kimya leo ulitungwa ili ughaniwe. Mwanafunzi aandikaye juu ya Mbaraka hana budi kusikiliza kabla ya kunukuu, na kueleza gitaa linafanya nini kila mwimbaji anyamazapo. Asipofanya hivyo, na akiri waziwazi kwamba amehakiki nusu ya kazi. Wazee wa Mpanda walikuwa na nusu mbili. Walilokosa ni kuziunganisha.