Kopo Lililoharibu Masaji ya Uso Mkolani

Katika masaji ya uso iliyofanyika katika saluni moja ya Mkolani, kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Shinyanga, kosa halikuwa kwenye mikono ya mchuaji, bali kwenye kopo alilolifungua baada ya kuondoa skrabu. Uso ulikuwa umekwisha kufukizwa kwa mvuke na kusuguliwa, na mafuta ya nazi yalikuwa mezani. Mchuaji akayaacha, akachota krimu ya kung'arisha isiyo na orodha ya viambato, na kuifanya ndiyo kilainishi cha kuchulia. Uamuzi huo haukuwa na utetezi, na hakuna ustadi wa vidole ambao ungeweza kuufidia.

Sababu inaanzia kwenye tabaka la juu la ngozi, yaani ile safu nyembamba ya seli zilizokufa inayozuia vitu vya nje visipenye. Mvuke hulilowesha tabaka hilo, skrabu hulipunguza, na mikono inayochua huongeza joto na mzunguko wa damu chini yake, kwa hiyo kinachopakwa wakati huo hupenya kwa urahisi kuliko kinachopakwa kwenye ngozi iliyotulia. Kilainishi kina kazi moja tu, nayo ni kuviwezesha vidole kuteleza bila kuivuta ngozi, kazi ambayo mafuta ya nazi huitimiza vizuri. Suala la mkorogo, yaani krimu kali za kung'arisha ngozi, limekwisha kusemwa mara nyingi, na litasemwa tena: krimu zilizopigwa marufuku, ambazo bado huuzwa kwa kificho, huwa na haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yenye ubuluu, au steroidi kali kama klobetasoli, ambayo huikondesha ngozi, au zebaki, ambayo hudhuru figo. Kopo lisilo na orodha haliwezi kuthibitishwa kuwa halina kimojawapo, na kwa kuwa tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, halina nafasi juu ya meza ya saluni.

Masomo na makungwi wa Unguja, yaani wanawake waliowafunda maharusi, hawakuwa na mashine ya mvuke, lakini walijua kila kilichomo katika singo, yaani mchanganyiko wa viungo na maua yenye harufu, kama vile karafuu, asumini na mawaridi, wanaosingwa nao maharusi, kwa sababu waliutwanga wenyewe.

Misuli ya kutafunia, iliyo pembeni mwa taya, ilichuliwa vizuri, kwa miduara ya polepole ya dole gumba.

Hata hivyo, njia ya mikono nayo iliharibiwa na krimu hiyo. Limfu, yaani majimaji yanayokusanywa kutoka katikati ya seli, huteremka kutoka usoni kupitia tezi za limfu za shingo hadi kwenye mishipa ya damu iliyo karibu na mtulinga; ndiyo maana Emil Vodder wa Denmark, aliyeitambulisha mbinu yake ya kuchua limfu Paris mwaka 1936, alianzia shingoni kwa mguso mwepesi. Kwa kuwa krimu ilikusudiwa kung'arisha uso peke yake, mikono iliishia kwenye ukingo wa taya, shingo haikuguswa, na uvimbe wa chini ya macho, ambao masaji huweza kuupunguza kwa muda, ukabaki palepale.