PlayStation isiyo na mdomo

Jumamosi kwenye kikao wakati ulikuwa umeisha, rais akanikata neno, kwa hiyo namalizia hapa. Mnakumbuka jambo lenyewe: vijana wetu watatu, wote wamemaliza lisansi na bado wako nyumbani, wanaomba kasa iwasaidie kufungua sale ya michezo kule Kadutu. Mimi niko pamoja nao kabisa. Ila kwenye karatasi ya mradi wameandika PlayStation 5 Pro mbili, «mashine yenye nguvu kuliko zote», na watu wakapiga makofi. Hapo njo nilinyoosha mkono.

Tuanze na mashine yenyewe. PS5 Pro ilitoka mwezi wa 11 mwaka 2024, bei yake Marekani ilikuwa dola 699, na ndani ya karatoni hakuna sehemu ya kuingiza CD. Mnasoma vizuri: haina mdomo. Ukitaka mdomo unaununua peke yake, kisha siku ya kuufunga unahitaji intaneti ili mashine iutambue. Usipoununua, kila mchezo utaupakua, na mchezo wa mpira wa siku hizi ni makumi ya giga. Wenzangu, sisi tunaonunua mega za siku moja ili kutuma TFC kwa mwalimu, tunazungumza juu ya makumi ya giga kana kwamba ni sukari ya kuazima kwa jirani.

Kwenye mitandao, wanaohakiki michezo wanatazama picha kwanza: majani ya uwanja, jasho kwenye uso wa mchezaji, nywele. Sikatai, picha ni kitu. Lakini kwetu kuna swali linalotangulia, na sijaona mhakiki wa Ulaya akiliuliza: umeme ukirudi saa tatu usiku na koneksio haipo, huu mchezo utafunguka?

Nilisoma sekondari wakati wa PS2. Kwenye avenue yetu kulikuwa na sale moja, chumba cha mbao, televizyo mbili, benchi moja. Mechi moja ilikuwa franka 200. Aliyefungwa anaondoka, aliyeshinda anabaki, na mukubwa wa sale alikuwa na daftari la madeni ambalo lilitunzwa vizuri kuliko registre ya shule yetu. Umeme ukikatika dakika ya 80, anayeongoza analia, anayefungwa anamshukuru Mungu kwa sauti. CD ikikataa kusoma tunaipaka dawa ya meno, tunaifuta na shati, tunairudisha. Mara nyingi ilikubali! Hiyo CD ilizunguka mtaa mzima. Mimi niliwahi kuipata kwa wiki nzima baada ya kumkopishia mwenyewe nota zake za kemia, na ndani ya hiyo wiki nyumba yetu ilijaa watoto ambao hata majina yao sikuyajua.

Sasa angalieni umri wa ile kitu. PS2 ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000. Mwaka 2013, Sony ikiwa imekwisha kuacha kuitengeneza, Konami bado ilitoa PES 2014 kwa ajili yake. Mashine moja, miaka 13 ya michezo. Na PES 2013 ya kwenye kompyuta, ile yenye Cristiano Ronaldo mbele, mashabiki waliendelea kuiongezea timu na jezi mpya kwa mikono yao miaka mingi baada ya Konami kuisahau. Mwezi wa 12 niliifungua kwenye kompyuta yangu ya zamani, bila koneksio. Ilifunguka. Kipa bado ni mjinga vilevile, refa bado anaona anachotaka kuona, lakini ile pasi ya kupenyeza kati ya mabeki wawili bado ina utamu wake, mpira una uzito, unahisi kabisa kwamba kosa ni la kidole chako. Mchezo wenye zaidi ya miaka 10, na bado mtu anaweza kuujua vizuri kuliko mwenzake.

Kisha ikaja eFootball. Tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka 2021 Konami walizika jina la PES na kutoa mchezo mpya, wa bure. Dunia nzima ilicheka nyuso: Messi na Ronaldo walionekana kama watu waliochongwa na fundi aliyelewa. Kwenye duka la Steam mchezo ukaingia kati ya ile iliyopewa alama mbaya kuliko yote, na muda mfupi baadaye kampuni ikaomba radhi hadharani. Mimi nilicheka pia. Lakini nadhani tulicheka mahali pasipo penyewe. Nyuso zilirekebishwa, na mpira wenyewe ulipona polepole. Kilichoniuma ni kingine: timu 9 tu za kucheza na ndugu yako kwenye chumba kimoja, Master League haipo, na mambo mengi ya maana yamewekwa upande wa pili wa intaneti. Walibadilisha kitu chenyewe. PES ilikuwa kitu ulicho nacho. eFootball ni fasi unayoenda kutembea, na mlango una mlinzi.

Niseme ukweli ili nisionekane mzee kabla ya wakati: mdogo wangu anaipenda hiyo eFootball ya simu, na ninapomtazama naona anacheza vizuri, mchezo wa leo si ule wa 2021. Amecheza na watu wa nchi ambazo mimi sijawahi kuota. Hilo PS2 haikunipa. Ila kuna usiku mmoja sisahau. Ulikuwa mchezo mwingine, sitautaja jina. Alikuwa amenunua mega kwa pesa ya fotokopi za silabi. Alipoufungua tu, ukaanza kujisasisha, ukameza mega zote, kisha ukasimama katikati.

«Yaya, inakatala. Inasema hatuna koneksio.»

«Kwani mega iko wapi?»

«Imekula yote. Na bado inasema tungojee.»

Alikaa na ile simu mkononi hadi betri ikazima. Kesho yake akaenda interro bila silabi. Mtaniambia kosa ni lake, na ni kweli, pesa ya silabi ni ya silabi. Lakini sikuwahi kuona CD inayomla mtu pesa akiwa tayari ameilipa.

Na msidhani ni shida ya sisi maskini peke yetu. Ubisoft walitoa The Crew, mchezo wa magari, mwaka 2014. Ungeweza kuucheza peke yako mwanzo hadi mwisho, ila lazima uwe umeungana na seva zao. Tarehe 31 mwezi wa 3 mwaka 2024 walizima seva. Waliokuwa na CD kwenye kabati wakabaki na kioo kizuri cha kunyolea ndevu. Wazungu wenyewe walikasirika: ombi lililopelekwa kwa Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni moja mwaka 2025. Kule California sheria ya 2024 inakataza maduka ya mtandaoni kuandika neno «nunua» bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa ruhusa tu ya kutumia. Na mwezi wa 9 mwaka 2023, EA walipohamia jina la EA Sports FC baada ya kuachana na FIFA, FIFA za zamani ziliondolewa kwenye maduka ya dijitali. Ukiitaka FIFA 23 leo, utatafuta nini? CD.

Najua mtu ataniandikia hapa chini: hizo CD za mtaani kwenu zilikuwa kopi za wizi. Ndiyo, nyingi zilikuwa kopi, na mukubwa wa sale hakuwahi kutuma hata franka moja Japani. Sina jibu safi juu ya hilo. Nasema tu kwamba hakuna duka lililokuja Kadutu kutuuzia ya halali, na leo duka la mtandaoni linaomba kadi ya benki ambayo wengi wetu hatuna, au inayo dola tatu ndani. Kwa vile chama chetu kina jina na muhuri, safari hii tununue za halali, za mkono wa pili, kwenye karatoni yake. Ninaona hiyo pia ni sababu ya kutaka mashine yenye mdomo: CD halali ikichosha watu unaiuza, unabadilishana na sale ya Bagira. Mchezo uliopakua unaubadilisha na nani?

Sasa mradi. Kwa pesa ya PS5 Pro mbili, na mdomo bado haujahesabiwa, nafikiri tunaweza kupata PS4 za mkono wa pili zenye sehemu ya CD, manete za akiba (manete njo inakufa kwanza, muulize yeyote aliyewahi kuwa na sale), michezo kadhaa kwenye CD, na ibaki ya kutafuta betri na inverter. Bei za hapa sijazipanga, mwenye kasa atazithibitisha. Mechi ya kirafiki ya watu wawili kwenye FIFA za PS4 haiombi intaneti, na kwa sale hiyo njo kazi yote: watu wawili, benchi moja, na wanne nyuma yao wanaotoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mteja wa Kadutu hatalipa zaidi kwa sababu ya jasho kwenye uso wa mchezaji. Atalipa akijua kwamba akija saa kumi na moja, mashine itawaka na mchezo utafunguka.

Vijana watatu, msinikasirikie. Ninyi wenyewe mliandika kwamba mtarudisha pesa ya kasa ndani ya miezi kumi. Chukueni delestaji ya mwezi uliopita mtaani kwenu, toeni hizo saa, toeni na siku ambazo koneksio ililala, kisha mhesabu tena mechi ngapi mashine isiyo na mdomo itacheza. Mlete hiyo hesabu kwenye kikao kijacho.

Mimi nitaleta PS2 yangu, na CD, na dawa ya meno. Anayetaka kunipinga achukue manete ya pili, ya kwanza ina kifungo kinachokwama na mimi peke yangu njo nimeizoea.