Gunia, Moto na Ufa katika Kazi za Alberto Burri

Alberto Burri, mchoraji wa Italia aliyezaliwa Città di Castello mwaka 1915 na kufariki Nice mwaka 1995, alikuwa tabibu kabla ya kuwa mchoraji. Alitekwa vitani katika Afrika ya Kaskazini mwaka 1943, akapelekwa kambi ya mateka huko Hereford, Texas, na humo ndimo alimoanza kuchora. Kutokana na habari hizo, wahakiki wengi wameshika tafsiri moja: gunia lililoraruka ni mwili, mshono wake ni kazi ya tabibu, na rangi nyekundu ni damu. Burri mwenyewe aliikataa, wala hakupenda kuzieleza kazi zake. Yafaa kuuliza kama alikuwa na haki ya kuikataa.

Jibu litafutwe katika kazi zenyewe. Katika Sacco e Rosso ya mwaka 1954, gunia limewekwa pamoja na uwanja wa rangi nyekundu. Gunia hapo si picha ya kitu kingine. Ni gunia, lenye nyuzi zake na ukavu wake. Nguvu ya kazi yatokana na mapambano ya nyuso mbili, moja ya kukwaruza, moja ya rangi tupu. Anayeona jeraha tu amekwisha kuacha kutazama.

Tangu katikati ya miaka ya 1950 Burri alitumia moto, kwanza juu ya karatasi na mbao, na katika miaka ya 1960 juu ya plastiki nyekundu, nyeusi na ile ipenyayo nuru. Plastiki iliyoungua hujikunja na kufanya matundu, na tundu lenyewe likawa umbo. Katika miaka ya 1970 zikafuata kazi ziitwazo Cretti, yaani nyufa: mchanganyiko mzito wenye gundi, uliotandazwa na kuachwa ukauke hata upasuke. Humo rangi imepungua, aghalabu nyeupe tupu au nyeusi tupu, na kazi iliyokuwa ya rangi sasa hufanywa na kivuli kilichomo ndani ya ufa.

Njia hiyo ina mpango. Katika magunia, mkono huunga kilichoraruka. Katika moto, mkono huharibu na kujua pa kukomea. Katika nyufa, kitu hujipasua chenyewe, na mchoraji huamua unene na gundi tu. Kila hatua mkono umerudi nyuma, lakini utaratibu haukupotea. Tafsiri ya jeraha haiwezi kueleza mwendo huu, na kwa hiyo Burri alikuwa na haki.

Lakini haki hiyo ina mpaka, na mpaka wake ni Gibellina, mji wa Sicily ulioangamizwa na tetemeko la ardhi la Januari 1968. Mji mpya ulijengwa mbali na ule wa kale. Burri, alipoalikwa kutoa kazi yake, alichagua magofu. Kati ya 1984 na 1989 sehemu kubwa ya magofu hayo ilifunikwa kwa zege nyeupe, na kazi ikakamilishwa mwaka 2015. Eneo lake ni kiasi cha mita za mraba 80,000. Nyufa zake ni njia za kupita watu, zikifuata kwa jumla mitaa ya zamani.

Hapo ufa hauwezi tena kuwa ufa tu. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Burri alijenga kuta ili nyufa zibaki. Zege ile yahifadhi mitaa, lakini pia yazika mabaki ya nyumba za watu, na anayeiita sanda hakosei. Kimya cha mchoraji, kilichofaa mbele ya gunia, hakitoshi mbele ya makazi ya waliokufa. Kazi yake kubwa kupita zote ndiyo iliyomnyima haki ya kusema kwamba kazi zake hazina habari nje ya umbo lake.