Mota Haijui Kama Imepotea

Mota ya hatua, ambayo mafundi wengi huiita stepa, haina habari ya mahali ilipo. Ile ya kawaida ikipata pigo moja la umeme hugeuka nyuzi 1.8, ikasimama. Mapigo 200 ni mzunguko mmoja. Kwenye mashine ya kuchonga mbao, bodi inayoiongoza huhesabu mapigo iliyoyatuma, basi. Haiulizi kama yamefika. Mkanda ukikwama na mota ikashindwa kwenda hatua ishirini, bodi itaendelea na hesabu yake bila wasiwasi, na mashine itachonga kazi yote iliyobaki pembeni ya mahali pake. Hakuna kengele wala taa nyekundu. Shahidi pekee ni ubao ulioharibika.

Kumhoji shahidi huyo ndio ufundi ninaousifu hapa, na mtaa kama Hai Mauna, Juba, Sudan Kusini, unaupa uzito. Bidhaa nyingi za Juba hutoka Uganda kwa barabara ya Nimule, kilomita 192, iliyokamilika kuwekwa lami 2012. Mota mpya si kitu cha kumtuma mtoto dukani. Lakini mota za namna hii zimo ndani ya printa na mashine za fotokopi zilizokufa, zile zinazorundikwa nyuma ya ofisi. Na kuunda mashine kwa vipuri vya namna hiyo si ndoto: Nairobi, kampuni ya AB3D ya Roy Ombatti imetengeneza printa za 3D kwa vipuri vilivyotumika, na Dar es Salaam, STICLab wamefanya hivyo kwa taka za kielektroniki. Asili ya mashine hizi za kujitengenezea ni mradi wa RepRap, ulioanzishwa 2005 na Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, ambao michoro yake hutolewa bure.

Mota iliyochomolewa kwenye printa huja bila karatasi. Waya nne, rangi zisizoaminika. Ndani mna koili mbili, na fundi lazima ajue waya zipi ni za koili moja. Mwenye mita hupima: jozi husoma omu chache, zisizo jozi hazisomi kitu. Asiye na mita hugusanisha waya mbili, kisha huzungusha shafti kwa vidole. Ikiwa nzito ghafla, hizo ni jozi, kwa sababu mota inayozungushwa huzalisha umeme, na umeme huo, ukipata njia ya kuzunguka, huizuia. Nakipenda kipimo hiki kuliko vyote. Jozi zikichanganywa, mota hunguruma na kutetemeka palepale bila kwenda popote. Waya moja ikilegea kwenye plagi, dalili ni hiyohiyo, kwa hiyo mungurumo peke yake hautoshi kuhukumu.

Hapo fundi mzuri huzima umeme kwanza. Kuchomoa mota wakati draiva, kijibodi kinachoipa mota umeme, ingali imewashwa ni njia rahisi ya kuiua draiva. Kisha hubadilishana: mota ya mhimili mmoja huiunganisha kwenye draiva ya mhimili mwingine. Ugonjwa ukihama pamoja na mota, mgonjwa ni mota. Ukibaki palepale, tafuta kwenye draiva au waya. Hajabadilisha kitu kingine chochote, hata skrubu moja, na hiyo ndiyo sababu jibu lake linaaminika. Asiye na subira hubadilisha vitu vitatu kwa mpigo; mashine inapona, naye hajui ameponya nini.

Ubao nao una mengi ya kusema. Kosa lenye uwiano kamili, kwa mfano umbo limetoka kubwa mara mbili, si udhaifu wa mota bali ni hesabu. Puli ya meno 20, kwenye mkanda ambao meno yake yameachana kwa milimita 2, huusogeza mkanda milimita 40 kwa mzunguko. Draiva ikigawa kila hatua mara 16, ni mapigo 80 kwa milimita. Jampa, kiunganishi kidogo kinachochagua mgao huo, ikikosewa, mgao ukawa 8, kila kitu hutoka maradufu. Mruko mmoja katikati ya kazi, kisha mambo yakaendelea sawa, ni dalili ya kitu kilichogonga au kukwama. Kosa linalojitokeza baada ya mashine kukimbia kwa muda lina harufu ya joto.

Joto la Juba si mzaha. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchini kote kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45. Draiva ndogo ya A4988 ikizidiwa na joto hujizima yenyewe, hupoa kidogo, hurudi kazini. Hatua zilizopita katikati zimeshapotea. Draiva hiyo ina skrubu ndogo ya kupunguza au kuongeza mkondo wa umeme. Ukipunguza mno, mota hukosa nguvu; ukizidisha, draiva huzidiwa na joto. Kwenye bodi zenye vipinga vya kupimia mkondo vya omu 0.1, volti 0.8 kwenye skrubu hiyo ni ampea 1. Namba iliyofaa Bath haina budi kupimwa upya Hai Mauna, na feni ndogo juu ya draiva si anasa.

Mota yenyewe ni nadra kuwa na hatia. Haina brashi, kinacholika ni beringi tu. Mkosaji wa mara kwa mara ni skrubu inayoshika puli kwenye shafti. Ikilegea, mota huzunguka kwa uaminifu na puli hubaki nyuma kidogo kidogo. Fundi huchora mstari mmoja kwa kalamu, kutoka kwenye shafti hadi kwenye puli, kisha huiendesha mashine. Mstari ukikatika, kesi imekwisha, na dawa ni kukaza skrubu ile.

Basi ukimpelekea fundi mashine yako, mpelekee na ule ubao ulioharibika. Usiutupe.