Mnara Usioingilika: Mchoro wa Henry Salt wa Aksum

Katika toleo hili tunahakiki picha badala ya kitabu, kwani picha nayo husomwa. Mchoraji Mwingereza Henry Salt alifika Aksum, kaskazini mwa Ethiopia, mwaka 1805. Mchoro wake wa jiwe refu la mji huo ulichapwa London mwaka 1809, ukatiwa rangi za maji kwa mkono.

Jiwe limesimama wima, mti mkubwa uko kando, na watu waliopo chini wanaonekana wadogo mno. Huo ni mtindo wa kipindi cha ulimbwende. Wachoraji wa Ulaya wa wakati huo walipenda minara mikuukuu ya mashambani, kwa kuwa iliwakumbusha kwamba enzi hupita. Ustadi wa Salt hatuukatai: udogo wa wale watu unatupimia ukubwa wa jiwe bila kutaja hata meta moja.

Lakini tuangalie maneno. Mwanafunzi wa hapa Bujumbura akiieleza picha hii atasema "mnara", au pengine "gofu". Mnara anaoujua ni ule wa msikiti, kama kule Buyenzi. Gofu ni nyumba iliyohamwa. Jiwe la Aksum si hili wala lile. Ni jiwe moja tu, lenye urefu wa zaidi ya meta 20, lililochongwa mlango na madirisha yasiyofunguka. Halikusimamishwa ili likaliwe. Ni alama ya kaburi la wakuu, ya karne ya 4 hivi. Kwa kazi yake linakaribiana zaidi na nguzo za makaburi ya Malindi na Kunduchi.

Hapo ndipo ilipo dosari ya picha. Inatutaka tusikitikie jengo lililoachwa, ilhali kaburi lina wenyewe. Jiwe jingine la hapohapo, la meta 24, lilikuwa limeanguka na kuvunjika. Waitalia walilipeleka Roma mwaka 1937. Waethiopia walilidai mpaka likarudishwa mwaka 2005, na likasimamishwa tena mwaka 2008. Gofu halidaiwi hivyo.

Tunawashauri walimu waitumie picha hii darasani. Wanafunzi waandike aya mbili, moja kwa neno "mnara" na nyingine kwa neno "kaburi", kisha wazilinganishe. Wataona kuwa neno walilolichagua limekwisha kuwaamulia wahuzunike au waheshimu.